Kanda za kushea: deki, kichezeo cha USB, fundi wa mjini au simu?

Kabla hujauliza ununue mashine gani, tandika mkeka, mwaga kanda zako zote na uzitenge mafungu mawili: zilizokuja na zilizozaliwa hapa. Katika nyumba yetu ya soba hapa Unguja, wanakokaa watu wanaoacha pombe na dawa za kulevya, tulikuwa na kanda 64 za kushea ndani ya kasha moja, yaani kaseti za watu wakiwasimulia wenzao maisha yao ya ulevi na kuacha. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kuzihamisha, nami nikaanza na zile zenye lebo nzuri zilizopigwa chapa. Zilikuwa za Wamarekani. Wiki tatu nilikaa nazo, masika yakaingia, na kule chini ya kasha kanda za ndugu zetu wenyewe zikaota ukungu. Ninayoyaandika hapa yametokana na kosa hilo, na sitaki mwenzangu yeyote mwenye kasha kama lile alirudie.

Zilizokuja ni zile za Kiingereza. AA, ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, ilianza Akron, Ohio, mwaka 1935, na NA, ushirika kama huo wa wanaoacha dawa za kulevya, ikaanza kusini mwa California mwaka 1953. Watu wake wana desturi ya zamani ya kurekodi wasemaji kwenye mikusanyiko yao, kwanza kwa reli kubwa za utepe, kisha kwa kaseti baada ya Philips kuitoa mwaka 1963. Kaseti ilikuwa rahisi kunakili, ikaenda mbali. Joe na Charlie, wale mabwana wawili wa Arkansas waliokuwa wakizunguka tangu miaka ya 1970 kufundisha kitabu cha AA ukurasa kwa ukurasa, walisikika na watu wengi ambao hawakuwahi kukutana nao, kwa sababu ya kaseti tu. Nakala zikazaa nakala. Hiyo uliyonayo wewe huenda ni mjukuu au kitukuu wa kanda ya kwanza, na kila kizazi kimeongeza mvumo wake. Mazungumzo mengi ya namna hiyo yamekwisha kuhamishwa na watu waliokuwa na nakala nzuri kuliko yako. Kanda yako ikiharibika utasikitika, lakini sauti yenyewe haitakuwa imepotea duniani.

Zilizozaliwa hapa ni jambo jingine kabisa. Nyingi za kwetu zilirekodiwa siku za giza. Aliyekuwapo anakumbuka: Disemba 2009 umeme unaokuja kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na Unguja ikakaa bila umeme mpaka Machi 2010, miezi mitatu hivi. Simu zilikuwapo, lakini simu isiyo na chaji hairekodi kitu. Redio kaseti yenye betri kubwa za tochi ilirekodi. Tulikaa barazani, kibatari kikiwaka, mtu akaeleza alivyoanza unga, alivyoiba dhahabu ya mama yake, alivyopita arosto, yale maumivu ya kukosa unga, siku nane juu ya kipande cha godoro, na kitufe chekundu kilikuwa kimebonyezwa. Hakuna nakala ya pili ya kanda hizo. Baadhi ya waliozungumza wamekwisha kufariki.

Kwa hiyo fungu la pili litangulie, na ndani ya fungu hilo zitangulie zenye ukungu na za dakika 120. Kanda ya dakika 120 utepe wake ni mwembamba sana, maana wameubana uingie mrefu ndani ya ganda lile lile. Hunyooka, hujikunja, hukatika. Ya dakika 60 ni nene na huvumilia. Ya 90 iko katikati.

Ukungu usiuchezee. Utauona kama unga mweupe ukingoni mwa utepe, ukiangalia kupitia kidirisha. Usiitie kanda hiyo kwenye mashine, kwa sababu itachafua hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, na kuambukiza kanda nyingine zitakazofuata. Usiipulize pia, maana vumbi lile ni baya kwa kifua, na wengi wetu vifua vyetu vimeshapitia mengi. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vifuko vingi, na uiache mpaka ikauke kabisa. Kisha izungushe taratibu kwa mkono, nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, ukiupitisha utepe juu ya kitambaa laini kikavu. Ni kazi ya kuchosha. Nimeifanya kwa kanda kumi na moja, na kumi zimesema.

Njia nne za kuitoa sauti

Simu mbele ya spika ndiyo njia ambayo kila mtu huifikiria kwanza. Unaicheza kanda kwenye redio, unaweka simu mbele yake, unarekodi. Haina gharama. Lakini unarekodi pia feni, watoto, bodaboda, adhana ya alasiri, na chumba chenyewe kinavyorudisha mwangwi, na simu nyingi huinua na kushusha sauti zenyewe bila kukuuliza, kwa kudhani unapiga simu. Nimesikia kanda ya mzee mmoja iliyohamishwa namna hii, na kila akinyamaza mvumo unapanda kama bahari, akianza kusema unashuka. Ikiwa utepe unakufa mkononi mwako na huna kingine chochote, fanya. Zaidi ya hapo, hapana.

Kichezeo kidogo cha USB kinafanana na Walkman. Unakichomeka kwenye kompyuta, unabonyeza, basi. Ni rahisi kwa bei na hakihitaji ujuzi. Nilikuwa nacho, na nitakueleza kwa nini nilikiweka kando. Mota yake ni nyepesi na gurudumu lake ni jepesi, hivyo mwendo hautulii. Kaseti inatakiwa ipite sentimita 4.76 kwa sekunde, wala si zaidi wala si pungufu, na kichezeo kile kilikuwa kikiyumba. Mtu anasema kama aliyesimama juu ya ngalawa. Muziki ungekufanya uone kasoro hiyo mara moja, ila katika mazungumzo unaizoea, na ndipo hatari ilipo: unadhani umehifadhi sauti ya mtu, kumbe umehifadhi sauti ya mota. Aina nyingine huandika moja kwa moja kwenye flashi kwa MP3, na programu zinazokuja na vifaa hivi mara nyingi hukata faili kila zinapokuta ukimya, zikidhani wimbo mmoja umekwisha. Kwa anayehamisha nyimbo, sawa. Kwa kanda za kushea, ukimya ndio mahali mtu alipomeza mate kabla ya kulitaja jina la mtoto aliyemtelekeza. Ukipatwa na kifaa hiki na huna namna nyingine, zima kabisa ule ukataji wa faili, na kitumie kwa fungu la Wamarekani.

Njia ninayoipendekeza ni deki ya kaseti ya zamani, ile kubwa ya kukaa kabatini, ikiunganishwa na kadi ya sauti ya nje na kompyuta. Wengi wanaogopa neno hilo, kadi ya sauti, lakini ni kiboksi tu kinachoingia USB upande mmoja na waya wa deki upande wa pili. Kinahitajika kwa sababu kompyuta nyingi za mapajani zina tundu moja tu, na tundu hilo limetengenezwa kwa spika za masikioni zenye maikrofoni. Sauti ya deki ina nguvu kuliko ya maikrofoni, ukiichomeka hapo itapasuka.

Deki zenyewe bado zipo. Waulize wazee wenye taarabu. Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe, Michenzani na Mwanakwerekwe kuna deki inayokaliwa na maua ya plastiki. Utaikuta haizunguki, na mara nyingi kosa ni mikanda ya mpira ya ndani, ambayo kwa joto letu na miaka yake huyeyuka ikawa kama lami. Fundi wa redio anayejua kazi hubadilisha mikanda hiyo kwa muda mfupi. Hewa yetu ya chumvi nayo hula vitufe na matundu, kwa hiyo bonyeza kila kitufe mara ishirini thelathini kabla hujaiamini.

Kisha safisha. Hedi, kile kijiti cha chuma kinachozunguka na kigurudumu cha mpira kinachokibana, vyote hukusanya uchafu wa kahawia. Tunatumia pamba ya kijiti na spiriti ya duka la dawa. Katika nyumba yetu spiriti hufungiwa na msimamizi, anayeichukua huandika daftarini, na mwingine hukaa naye mpaka amalize. Kama unafanyia kazi hii ndani ya nyumba ya soba, weka utaratibu huo kabla ya kununua chupa, usisubiri litokee jambo.

Kuna skrubu moja ndogo kando ya hedi, mara nyingi ina springi. Skrubu hiyo huinamisha hedi kushoto au kulia kwa unywele tu. Kila redio kaseti iliyorekodi ilikuwa na mlalo wake wa hedi, na hedi yako isipolala kama ile iliyorekodi, herufi s na sh hupotea na mtu huonekana anazungumza nyuma ya pazia. Watu wengi husema kanda imechoka. Haijachoka. Vaa spika za masikioni, cheza kanda, geuza skrubu polepole kwa bisibisi ndogo mpaka maneno yang'are, ndipo urekodi. Kwa kanda moja ya siku za giza nilifanya hivyo na ghafla nikasikia mvua juu ya bati, ambayo sikujua kuwa imo. Kichezeo kidogo cha USB hakikupi nafasi ya kufanya hivi kwa urahisi, simu ndiyo kabisa, na hii ni sababu kubwa kuliko zote ya kuchagua deki.

Kasoro za deki ni mbili. Inataka umeme wa ukutani, na umeme wetu tunaujua. Kompyuta ina betri, deki haina. Ukikatika katikati, usijaribu kuunganisha vipande, anza upya upande ule. Pili, inataka muda. Kanda ya dakika 90 huhamishwa kwa dakika 90, hakuna mkato. Kanda 64, tukizihesabu zote kuwa za dakika 90, ni saa 96 za kukaa. Tumegawana zamu, na si adhabu hata kidogo: vijana waliofika juzi hukaa zamu wakasikiliza watu waliopita walipo wao.

Ya nne ni kumpa fundi au studio mjini. Ana mashine tayari, ana mkono mwepesi, nawe unapumzika. Kwa kanda za harusi ya shangazi yako ningekwambia nenda leo. Kwa hizi nina mambo mawili. Kwanza, tulipompa mmoja kanda tatu za kujaribu, zilirudi zimehamishwa vizuri isipokuwa moja iliyokatwa pale upande A ulipoishia. Upande B haukuguswa, na hakuna aliyetuambia. Sikiliza mwisho wa kila faili kabla ya kulipa. La pili ni zito zaidi: fundi atasikia kila kitu. Unguja si kubwa. Mtu anaweza kuficha jina lake, lakini sauti yake inajulikana na muuza mkate, dereva wa daladala na mwalimu wa mtoto wake. Ukiamua kwenda kwa fundi, mpe kanda za wasemaji wa kigeni tu, au kaa naye chumbani mpaka amalize na uondoke na kila faili.

Kanda zilizorekodiwa kwa betri zinazokufa

Hili linahitaji nafasi yake, maana sijaliona likielezwa kwa watu wa kwetu. Redio kaseti ya betri ikiishiwa nguvu, mota hupunguza mwendo. Utepe unapita polepole wakati wa kurekodi. Ukiucheza leo kwenye deki yenye mwendo sahihi, mtu anasikika anaharakisha, sauti nyembamba, kama mtoto. Na haianzi hivyo. Mwanzo wa kanda uko sawa, kisha kadiri betri zinavyokufa sauti inapanda kidogo kidogo, mpaka dakika ya arubaini mtu wa miaka hamsini anasikika ana kumi na tano.

Tulikuwa na kanda sita za namna hii. Vijana walizicheka mara ya kwanza, na mzee mmoja aliyekuwapo usiku ule akasimama akatoka nje.

Dawa ipo. Kwanza hamisha kanda kama ilivyo, bila kurekebisha chochote, uihifadhi. Kisha fanya nakala na ufanye kazi juu ya nakala. Programu ya bure ya Audacity ina amri mbili zinazochanganya watu: moja hubadilisha wembamba wa sauti bila kugusa muda, nyingine hubadilisha mwendo, yaani muda na wembamba kwa pamoja. Unayoitaka ni ya mwendo, kwa sababu kilichokosewa ni mwendo. Kipimo chetu kilikuwa Sala ya Utulivu, sala fupi inayosomwa kwenye mikutano ya AA na NA. Tuliisoma pamoja mwanzo wa mitingi na mwisho wake, watu wale wale, kwa mapigo yale yale. Mwanzoni mwa kanda moja ilichukua sekunde 20, mwishoni sekunde 17. Hapo ukajua mwendo uliopotea ni kiasi gani, ukagawa kanda vipande vya dakika tano tano na kurudisha kila kimoja kidogo kuliko kinachofuata. Si kipimo cha maabara. Lakini mzee yule alipoletewa, alikaa mpaka mwisho.

Kichezeo cha USB chenye mwendo unaoyumba kingetuchanganya kabisa hapa, tusijue kosa lipi ni la betri za mwaka 2010 na lipi la mota ya leo.

Uhifadhi kwa muundo gani

Watu wengi wataniuliza kwanza kuhusu CD, kwa kuwa ndiyo walioijua kuwa ya kisasa. CD ya kuandika nyumbani hubeba dakika 80, kwa hiyo kanda ya 90 haitoshi humo, na tabaka la rangi linaloshika maandishi yake huharibika kwa joto na mwanga. Kompyuta nyingi mpya hata hazina mahali pa kuitia. Iache. Usihamishe kitu kutoka kwenye chombo kinachozeeka kwenda kwenye kingine kinachozeeka haraka zaidi.

Hapo panabaki WAV, FLAC na MP3, na chaguo sahihi si moja. WAV ni sauti nzima bila kubanwa. Shirika la kimataifa la nyaraka za sauti, IASA, linashauri kuhamisha kwa kilohezi 48 na biti 24 kwa uchache, na bila kubana kunakopoteza kitu. Kwa kiwango hicho, stirio, saa moja ni kama gigabaiti 1. Saa zetu 96 ni kama gigabaiti 100, ambazo zinaingia kwenye diski ya nje ya kawaida na nafasi ikabaki. FLAC ni sauti ile ile kamili, imekunjwa tu kama nguo ndani ya sanduku. Ukiikunjua inarudi yote, na hula nafasi kama nusu. MP3 hutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi, na zikishatupwa hazirudi. Kwa mazungumzo ya mtu mmoja, MP3 ya kilobiti 64, mono, ni megabaiti 29 kwa saa. Saa zote 96 hazifiki gigabaiti 3.

Nimeona watu wakihamisha moja kwa moja kwa MP3 kwa hofu ya nafasi. Nafasi siku hizi ni rahisi kuliko kanda ilivyokuwa. Hamisha kwa WAV, geuza FLAC kwa ajili ya kuhifadhi, kisha kutoka hapo toa MP3 kwa ajili ya kusikiliza kwenye simu. Rekodi kwa stirio hata kama redio iliyorekodi ilikuwa ya mono, kwa maana mara nyingi upande mmoja wa utepe umeumia na mwingine mzima, na baadaye utachagua ulio mzima. Sauti isiguse kilele. Acha nafasi ya desibeli sita hadi kumi na mbili, maana mtu akilia au akicheka hupanda ghafla.

Sauti za WhatsApp ni kwa kupeana habari. Mtu akikutumia kanda kwa njia hiyo, mwombe faili lenyewe kwa flashi.

Na kusafisha mvumo? Katika nakala ya kusikiliza, kidogo, ukitaka. Katika nakala ya kuhifadhi, kamwe. Programu ya kuondoa mvumo haijui tofauti kati ya mvumo na pumzi. Nilisafisha kanda moja kwa bidii mpaka ikawa safi kama redio, na mke wa marehemu akasema, huyu siye. Alikuwa na pumu. Nilikuwa nimemwondolea pumzi zake.

Wapi, na kwa ajili ya nani

Nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumba. Sisi tuna diski moja ofisini kwa msimamizi, ya pili nyumbani kwa mwenzetu mwenye chumba cha ghorofani, maana ghorofani ni pakavu kuliko chini, na nakala ya tatu ilikwenda Pemba kwa boti, mkononi mwa mtu, kwa wenzetu wa Chake Chake. Flashi si mahali pa kuhifadhia, ni chombo cha kusafirishia. Kila mwaka, kabla ya masika, tunafungua diski zote na kusikiliza faili chache kutoka kila moja.

Nakala ya mtandaoni ni rahisi, na kwa fungu la Wamarekani sina neno. Kwa kanda zetu nimekataa. NA na AA zimejengwa juu ya kutotajwa. Wamarekani wengi waliorekodiwa kwenye mikusanyiko yao walijua kuwa kanda zitanakiliwa, na walijitambulisha kwa jina la kwanza tu. Ndugu yetu aliyezungumza barazani mwaka 2010 alidhani anazungumza na watu kumi na mbili na kibatari. Alitaja mtaa. Alitaja jina la ami yake. Kuhifadhi sauti yake ni haki yake. Kuisambaza ni jambo ambalo hakuliruhusu.

Tulichofanya ni kutenga folda mbili. Aliye hai tulimfuata, tukamsikilizisha kanda yake mwenyewe, tukamuuliza. Wengine wamesema wekeni, wengine wamesema wekeni ila kipande fulani kikatwe katika nakala ya kusikiliza, na mmoja amesema futeni, na tumefuta, na kanda tukamkabidhi mkononi. Za waliofariki zimo katika folda iliyofungwa kwa neno la siri, na husikilizwa ndani ya nyumba tu. Familia haziulizwi kwa haraka, kwa sababu zipo zinazojua kuwa mtoto wao alikufa kwa homa na hazijui zaidi, na si kazi yangu kuwa wa kwanza kuwaambia.

Kila faili lina jina fupi: tarehe kama ipo kwenye lebo, namba ya kanda, upande A au B, na herufi mbili za kumtambua msemaji ambazo maana yake imo kwenye daftari lililofungiwa. Piga picha ya lebo na ya karatasi ya ndani pia. Mwandiko wa mtu aliyeandika "siku 40, Alhamdulillahi" kwa kalamu ya bluu ni sehemu ya kanda.

Ukishamaliza, usiitupe kanda yenyewe. Vunja vile vijino viwili vya juu ili asije mtu akabonyeza kurekodi kwa bahati mbaya. Izungushe mpaka mwisho, kwa mwendo wa kucheza na si wa kuipeleka mbio, ili utepe ujilaze sawasawa. Isimamishe wima ndani ya ganda lake kama kitabu, mbali na spika kwa sababu ya sumaku, mbali na ukuta wa nje unaonyonya maji, na vifuko vya kukausha vibadilishwe mvua za vuli zikikaribia na za masika zikikaribia. Kasha letu sasa liko ghorofani. Zimebaki kanda kumi na tatu ambazo hazijahamishwa, zote za Kiingereza.